MJADALA: Ngoma kali kuliko zote za EDM ni Levels, asiyekubali aje na hoja

Besi_Nzito
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mtu wa EDM, ule mziki wa kuchezeka wa mashine na kompyuta, tangu niko sekondari, nikiamka hedifoni nikilala hedifoni, na kuna ubishi unanitafuna siku nyingi nataka tuumalize hapa. Ngoma kali kuliko zote za EDM ni ipi? Kwangu ni Levels ya Avicii, 2011, na sioni ya kuigusa. Ile sinthi (kinanda cha kielektroniki) ya mwanzo hata uipige kwenye spika ya simu iliyopasuka mtu anaijua ndani ya sekunde tatu. Inapanda inapanda, halafu katikati vyote vinakatwa inabaki sauti ya mama fulani hivi wa zamani peke yake, kisha dropu linashuka, yaani mdundo mzima unarudi kwa kishindo, na kila mtu mikono juu. Jamaa alikuwa na miaka 22 tu wakati inatoka.

Na wale wa "zamani ndo kulikuwa na mziki" niwajibu mapema kabisa, kabla ya 2010 hakukuwa na EDM, kulikuwa na disko na watu wa suruali pana. EDM imeanza na kina Avicii, Swedish House Mafia, Guetta na Skrillex. Karibuni, hoja tu matusi hapana.

Kitufe_Kimoja
Ngoma kali ya nini sasa. Mtu anapanda jukwaani mbele ya maelfu ya watu, anabonyeza kitufe, anainua mikono saa nzima, anashuka anaenda kulala. Deadmau5 ambaye ni wa kwenu kabisa aliandika mwenyewe 2012 kwamba wote wanabonyeza pley tu. Mganga amekiri dawa ni maji na nyie bado mmepanga foleni. Mtu ambaye hajashika gitaa wala kupuliza tarumbeta mimi simwiti mwanamziki, niiteni mshamba.

MzeeWaSanturi
Nilikuwa napita tu ila hilo la suruali pana limenikaa kooni. Kabla ya 2010 hakukuwa na EDM?? Kijana kaa chini.

Chicago, 1977, kuna klabu inaitwa The Warehouse na DJ wake ni Frankie Knuckles. Hilo neno "house" unalolitamka kila siku limetoka kwenye jina la hiyo klabu, watu walikuwa wanaenda maduka ya santuri wanaulizia ule mziki wa Warehouse, jina likafupika likabaki hivyo mpaka leo. Waliokuwa wanacheza pale wengi ni weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu ambao mlango wa klabu nyingine ulikuwa mgumu kwao. Halafu Julai 12, 1979, humo humo Chicago, mtangazaji wa redio akaita watu kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park waje na santuri za disko zilipuliwe katikati ya uwanja, na zikalipuliwa kweli, watu wakavamia uwanja mpaka mechi ya pili ikashindikana kuchezwa. Siku ile kulikuwa na kijana mmoja kazi yake kuwaonyesha watu viti, anaitwa Vince Lawrence, na alisimulia baadaye kwamba santuri nyingi alizoona zinaletwa hata hazikuwa za disko, zilikuwa tu za wasanii weusi. Sasa huyo huyo kijana wa viti miaka mitano mbele, 1984, yumo kwenye kutengeneza On and On ya Jesse Saunders ambayo wengi wanaihesabu ndo santuri ya kwanza ya house. Mziki ulichomwa moto ukarudi na jina jingine. Leo unaniambia suruali pana.

Na Detroit sijaifikia. Juan Atkins, Derrick May, Kevin Saunderson, watoto waliosoma shule moja wakatuletea techno, Strings of Life imetoka 1987 hata huyo Avicii wako hajazaliwa.

Besi_Nzito
Shikamoo mzee. Nimekusikia lakini mimi nimeuliza ngoma kali, wewe umenipa somo la historia na mtihani juu. Nikisema EDM nina maana ile ya majukwaa makubwa na mataa, Marekani hilo neno limeshika kwenye 2010 hivi. House ni house, techno ni techno.

MzeeWaSanturi
Marahaba. Maneno yenyewe ni mziki wa kuchezeka wa kielektroniki. Kwani Frankie alikuwa anachezesha watu kwa kinubi? Ukipenda boga penda na ua lake.

Ngoma128
Mtoa mada, One More Time ya Daft Punk. Mwaka 2000. Mada imeisha mfunge.

Namba mbili Sandstorm ya Darude 1999, haina neno hata moja na dunia nzima inaiimba kwa mdomo.

Kitufe_Kimoja
Mzee mbona umenikwepa mimi? Historia nzuri sana ila bado swali langu liko pale pale, nani alipiga chombo hapo?

MzeeWaSanturi
Sijakukwepa nilikuwa na mgonjwa mkubwa kwanza. Chombo ni mashine. Kuna kitu kinaitwa TB-303 cha Roland, kasanduku kadogo ka rangi ya fedha kaliundwa ili mpiga gitaa akiwa peke yake nyumbani kamshikie besi. Kalishindwa vibaya maana mlio wake haukufanana na besi ya mtu yeyote chini ya jua, kampuni ikaacha kukatengeneza, kakawa kanapatikana kwa bei ya kutupa. Vijana wa Chicago wanaitwa Phuture wakakachukua, DJ Pierre akaanza kuzungusha vile vifundo huku mlio unatembea, na huo mlio sasa, sijui niuelezeje kwa maandishi, ni kama mtu anakandamiza puto lenye maji halafu puto linajibu kwa hasira. Ndo Acid Tracks hiyo, 1987. Ron Hardy alipoipiga mara ya kwanza klabu ya Music Box watu wakaondoka kwenye sakafu ya kuchezea. Akaipiga tena usiku ule ule, mara ya tatu, mara ya nne, na ile ya nne watu wakapagawa. Niambie wewe kitufe gani cha pley kingefanya hivyo, mtu kukataliwa mara tatu usiku mmoja na bado akarudisha santuri mwanzo.

Kitufe_Kimoja
Hapo sawa, hiyo ya vifundo nakupa nusu. Nusu tu.

Sauti_ya_Pili
Samahani narudi nyuma kidogo kwa mtoa mada maana naona mmepita tu kama hamjaona. "Mama fulani hivi wa zamani."

Huyo mama fulani ni Etta James. Wimbo unaitwa Something's Got a Hold on Me, ni wa 1962. Aliuimba kwa kifua kizima, Avicii akachukua kipande, ngoma yako unayoiita namba moja ya dunia ikatoka Oktoba 2011 na Etta James akafariki Januari 2012, miezi mitatu baadaye. Umetaja umri wa kijana, umetaja sinthi, umetaja mikono ya watu juu. Lile eneo ambalo wewe mwenyewe umesema vyote vinakatwa inabaki sauti peke yake, mwenye sauti ndo hana jina?

Na sio wewe tu. Ride on Time ya Black Box, 1989, ilikuwa singo iliyouza kuliko zote Uingereza mwaka ule, ile sauti ni ya Loleatta Holloway imetolewa kwenye Love Sensation ya 1980, hakuombwa hakuandikwa. Kwenye video wakaweka mwanamitindo anachezesha midomo. Hebu fikiria Loleatta yuko kwake anawasha tivii anaona koo lake limevaa sura ya mtu mwingine. Ilibidi wanasheria waingie ndo akalipwa.

Dogo_Plagini
Dada na heshima zote, kwenye EDM sauti ni ala kama ala nyingine. Mimi natengeneza hivi vitu kila usiku naomba niwaeleze maana watu wanaongea kama ngoma inaota yenyewe.

Chukua dropu tu. Kabla dropu halijashuka kuna paa (mafungu ya mipigo minne minne) nane au kumi na sita za kupandisha, unaondoa besi taratibu mpaka msikilizaji anahisi sakafu imetolewa, sneya (ile ngoma ndogo ya mlio mkali) inaanza moja kwa paa, mbili, nne, nane, inakuwa kama mvua ya bati, unaweka ule upepo wa kupanda, halafu nusu ya mpigo unaacha KIMYA. Hiyo nusu ndo pesa yote. Ukiiacha fupi watu hawajajiandaa, ukiiacha ndefu wameshapoa. Kisha kiki inaingia (sio ile kiki ya kutafuta umaarufu, ni ngoma ya chini) na kila inapogonga lazima vingine vyote viiname sekunde kidogo viipishe, ndo maana mziki unahisi unapumua. Mimi kiki moja nimeihangaikia wiki tatu. Wiki tatu! Mwimbaji anakuja nusu saa, anaimba mistari minne anaondoka. Sasa jina la nani liwe juu?

Sauti_ya_Pili
Nusu saa.

Basi niseme yangu ambayo sikuwa na mpango wa kuisema. Niliwahi kuimbia prodyuza mmoja, jina naliacha na hayumo kwenye waliotajwa hapa. Hakukuwa na studio, alikuwa na maiki na kompyuta, nikaingia chini ya blanketi nzito ili chumba kisisikike, giza, joto, jasho linadondokea kwenye simu niliyoandikia maneno. Mstari mmoja nimeurudia mara arobaini na kitu. Ananiambia imba kama umechoka, imba kama umekasirika, cheka kidogo katikati, sasa usiimbe vuta pumzi tu. Melodi ilikuwa yangu, maneno yangu. Tulikubaliana kwa mdomo.

Miezi ikapita kimya. Siku moja nimekaa kwenye gari la abiria mtu kiti cha mbele anapitisha video kwenye simu yake, nikasikia pumzi yangu. Nimejijua kwa pumzi kabla hata ya sauti. Aliikata akaiweka pale pale kwenye hiyo nusu ya mpigo unayoisema wewe, dropu likashuka. Nikamuomba yule mtu jina la wimbo. Lilikuwepo jina lake yule prodyuza na jina la DJ mwingine ambaye sijawahi kumwona. Langu halimo popote. Nilipompigia akaniambia maneno kama yako, sauti ni ala.

Ala hainywi maji ikarudi kuimba.

Dogo_Plagini
Pole dada kwa hilo, kweli. Ila usinifananishe na huyo mtu, mimi sijamdhulumu mtu yeyote. Na hiyo pumzi kuwekwa pale kabla ya dropu ni ubunifu wa prodyuza usibishe, wewe uliivuta tu.

Sauti_ya_Pili
"Uliivuta tu." Haya.

Usiku_Mnene
Dogo hapo umechemka, umeanza na pole ukamalizia na teke.

MzeeWaSanturi
Binti yangu pole sana. Na nikuambie hilo jambo ni la zamani kwenye huu mziki, Martha Wash ndo aliimba hiyo hiyo Ride on Time wakamweka mwanamitindo, akashtaki akashinda.

Usiku_Mnene
Mzee unachanganya na sio kosa lako maana stori zenyewe zinafanana mpaka inaumiza. Ride on Time ni Loleatta. Martha Wash aliimba nyimbo nyingine za hao hao Black Box kama Everybody Everybody, na zaidi ni ile Gonna Make You Sweat ya C+C Music Factory ya 1990, lile tamko la kila mtu acheze linalopigwa kwenye mechi mpaka leo. Kwenye video yupo Zelma Davis anachezesha midomo. Martha akaenda mahakamani, yakaisha kwa makubaliano, na ni kesi zake ndo watu wanazitaja wakieleza kwa nini makampuni yalianza kuandika nani hasa kaimba. Mtu yule yule, sauti yake imefika namba moja Marekani na sura yake wameificha kwa sababu walitaka mwembamba mbele ya kamera. Mimi nikiisikia ile ngoma siku hizi mwili unasisimka kwa sababu mbili tofauti.

Kitufe_Kimoja
Si niliwaambia? Kumbe hata sauti sio zao, vyombo sio vyao. Sasa wamebakiwa na nini, mikono?

Besi_Nzito
Nimekaa kimya nasoma. Dada Sauti_ya_Pili, hilo la mama fulani nakubali nimekosea, sikujua, nilikuwa nasikia ile sauti kama sehemu ya ngoma. Ila msigeuze kila kitu wizi. Avicii alipoamua kuimba mwenyewe kwenye Wake Me Up aliwanyamazisha wote.

Usiku_Mnene
...

Mkuu. Wake Me Up ameimba Aloe Blacc.

Besi_Nzito
Sio yeye?? Mbona kwenye jina la wimbo yuko Avicii peke yake?

Sauti_ya_Pili
Ndo ninachokisema tangu mwanzo mtoa mada. Wewe ni shabiki wake nambari moja, umesema mwenyewe unalala na hedifoni, miaka yote hiyo unasikiliza sauti ya mtu mmoja ukidhani ni ya mwingine.

Na hapo Aloe Blacc kaandika pia, ni mmoja wa watunzi watatu. 2014 aliandika makala akasema ule wimbo ulichezwa mara zaidi ya milioni 168 Pandora, redio ya mtandaoni huko Marekani, na kutoka hapo yeye kama mtunzi akapata chini ya dola 4,000. Milioni 168. Titanium nayo ya Guetta, Sia mwenyewe amesimulia kwamba aliimba ile kama ya mfano tu, ipelekwe kwa mwimbaji mwingine, akashtukia imetoka na sauti yake hajaulizwa, akakasirika. Kwaiyo hata wakubwa. Levels kwangu ni wimbo wa Etta James uliovaa viatu vipya, na aliyemvika ndo kachukua sifa zote. Kuna neno la Kiswahili la kitendo hicho mnalijua.

Besi_Nzito
Hapana. Hapo hapana dada.

Umwite mwizi mtu aliyekufa na miaka 28? Unajua alivyokufa? Aprili 20, 2018, Muscat, Oman. Alishaacha kupiga shoo 2016 baada ya kusema wazi mwili umekataa, aliugua kongosho, alikuwa anapangiwa shoo juu ya shoo. Siku ile nilikuwa nafua, simu ikaita rafiki yangu akasema tu "Tim kafa", hakusema Avicii alisema Tim kana kwamba tulisoma naye. Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni. Sijawahi kumuona yule mtu ila kuna mwaka mzima wa maisha yangu ambao nisingeumaliza bila zile nyimbo, na siwezi kueleza kwa nini nyimbo za kurukaruka ndo zilinishika mkono, lakini ndo zilinishika. Machi 2013 pale Miami alipopanda na bendi ya kweli, banjo na magitaa, baadhi ya watu walimzomea kwa sababu walitaka dropu. Kitufe_Kimoja wewe unayedai magitaa, aliyaleta, wakamzomea. Halafu ule wa Wake Me Up ndo ukaenda kuwa namba moja nchi kibao. Msiniambie ni mwizi.

Ngoma128
Ila na mimi niseme One More Time nayo ina sampo, kipande kilichokatwa kwenye wimbo wa mtu mwingine. Sikujua mpaka juzi. Ni Eddie Johns, More Spell on You ya 1979. Gazeti la Los Angeles Times lilimwandika 2021, amepitia kulala nje, na mpaka wakati ule alikuwa hajapata chochote.

Roho imeniuma kwa sababu ule wimbo naupenda mno.

Kitufe_Kimoja
Sikujua hilo la Miami. Nitaitafuta hiyo video ya banjo.

Usiku_Mnene
Naomba tupoe kidogo. Hao watu wawili, aliyechukuliwa sauti na aliyechoshwa mpaka mwisho, mbona hawagombani wao tunawagombanisha sisi? Etta James kwenye Levels kaandikwa kwenye watunzi, sio sawa na ya Loleatta. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Tatizo lingine ni lile la Eddie Johns, mwenye haki za kurekodi ni mtu mwingine kabisa kwaiyo pesa inapita juu ya kichwa cha aliyeimba.

Na mpiga ngoma je? Jungle na drum and bass, ile mitindo ya mdundo wa kasi, yote imesimama juu ya sekunde kama saba hivi za Amen, Brother ya The Winstons, 1969. Mpiga ngoma Gregory Coleman. Zile sekunde zimekatwa, zimeharakishwa, zimegeuzwa nyuma mbele kwenye maelfu ya nyimbo, na yeye amefariki 2006 hana makazi wala hajaona senti ya mirabaha. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, mashabiki walimchangia 2015 kama pauni 24,000 hivi. Mchango wa mashabiki, sio mirabaha.

MzeeWaSanturi
Nashukuru kwa sahihisho la Martha, umri nao. Ila Levels kuitwa ngoma kali kuliko zote bado nakataa. Show Me Love ya Robin S, ule mchanganyo wa StoneBridge. Ule mlio wa kinanda cha Korg M1 mpaka leo unaibwa, na Robin S pale juu anadai mapenzi ya vitendo kwa sauti ya mtu asiyetaka mzaha. Huyo StoneBridge ni Msweden kama Avicii wako, kijana furahi.

Besi_Nzito
Mzee hiyo nakubali ni kali. Namba mbili.

Ngoma128
Na Sandstorm?

Sauti_ya_Pili
Besi_Nzito, neno la wizi naliondoa. Nilikuwa nasema na mtu mwingine kupitia wewe. Sikujua hiyo ya kukaa kwenye maji ya sabuni, na hata mimi siku ile niliizima redio nikashindwa kufanya kazi.

Ila jina nalisimamia. Mimi sitaki kuwa juu ya prodyuza, sijawahi kutaka. Nataka mtu kwenye gari la abiria akiniuliza nani huyu anayeimba, kuwe na jibu.

Besi_Nzito
Nimekuelewa kabisa. Nimeenda kuutafuta huo wa Etta James wa 1962 nikausikiliza mara tatu mfululizo. Kile kipande alichokata Avicii kiko mwanzoni mwanzoni tu, bendi haijaingia, yuko peke yake anaita kama yuko kanisani, halafu bendi inamjibu. Yaani dropu lilishakuwepo humo. Dropu la 1962. Nilikaa naangalia ukuta. Bado naiweka Levels namba moja ila sasa naiweka na watu wawili.

MzeeWaSanturi
Hapo sasa nimekuamkia mimi.

Kitufe_Kimoja
Nimeangalia ya Miami. Yule wa banjo anapiga kweli. Waliozomea hawana adabu.

Dogo_Plagini
Nimekaa siku mbili sijaandika. Dada ile "uliivuta tu" naomba uniwie radhi, niliandika kwa haraka na kwa kiburi kwa sababu hakuna anayejua kazi yetu ya usiku na nikaona tena unatusahau.

Usiku nimefungua ngoma yangu ninayoitengeneza, ya mipigo 126 kwa dakika. Ina sauti ya mwanamke kwenye kiitikio, nzuri sana, kila mtu niliyemsikilizisha ameuliza nani huyo nikawa nasema sampo tu. Niliinunua kwenye kifurushi cha sampo, ni halali kabisa, nimelipia. Nikasema ngoja nikatafute jina niliandike. Faili linaitwa female vocal 07. Nikafungua yale maelezo ya kifurushi chote, limo jina la kampuni, jina la waliochanganya sauti, hata aliyechora jalada yumo. Yeye hayumo. 07.

Nikalirudisha faili mwanzo kabisa kabla sijalikata. Kuna sekunde kama mbili hivi hajaanza kuimba, kuna pumzi, na nyuma yake mbali kidogo kama kiti kinasogea. Nilikuwa nimeikata siku ya kwanza kabisa bila hata kuisikiliza, huwa tunasafisha tu.

Sauti_ya_Pili
Irudishe. Kiti pia kiache.

Halafu waandikie hao wa kifurushi waulize ni nani. Wakikujibu nitumie.